Mbolea ya Ruzuku na Jina Lililo Kitabuni

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia kutoka vituo vya majani chai pande za Kericho na Bomet. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Tumeacha tu salamu ndefu na maswali yaliyorudiwa.)

Twawashukuru kwa kuacha majani kwenye miti asubuhi ya leo, maana sisi pia ni wachumaji na twajua jani likipita siku yake huwa gumu, na karani anakurudishia mbele ya watu. Kwa hivyo hatutawaweka sana.

Tuliombwa tuzungumze juu ya ruzuku ya serikali kwa wakulima. Kamati yetu ya maendeleo imekuwa ikizunguka vituoni na kila mahali swali ni lile lile: "Pesa za serikali kwa wakulima zinatoka lini?" Linaulizwa kana kwamba kuna dirisha mahali fulani ambapo mtu atapanga foleni na kuhesabiwa noti. Basi tuanze hapo. Dirisha hilo halipo. Huko Ulaya kuna nchi ambazo mkulima hutiliwa pesa katika akaunti yake kila mwaka kwa hesabu ya ukubwa wa shamba. Kwetu ruzuku haipiti mkononi, inapita ndani ya mfuko wa mbolea. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa shilingi 6,500 mwaka 2022 uliuziwa mkulima kwa 3,500, na ile 3,000 iliyobaki serikali ikailipa. Wewe hukuiona hiyo 3,000. Na kitu ambacho mtu hakioni, wapendwa, ni rahisi kumpotea asijue kimempotea.

Tena pesa hizo si zawadi ya mkubwa yeyote. Ni kodi. Mama anayenunua kipande cha sabuni pale dukani analipa kodi ya asilimia 16 ndani ya bei, awe anajua au hajui. Kwa hiyo mtu akikuambia unyamaze kwa sababu umepewa msaada, mwambie kwa heshima kwamba nawe umechanga.

Jambo hili si geni Kenya, ila zamani halikutufikia. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya ukoloni iliwawekea wakulima wakubwa wa ngano na mahindi hakikisho la malipo kwa kila ekari, hata mvua ikikosa. Mpango ule uliendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati unaanza, makampuni yalikuwa yamepanda chai hapa Kericho tangu miaka ya 1920, lakini wazee wetu walikuwa hawajaruhusiwa kupanda hata mche mmoja. Ruhusa ilikuja miaka ya 1950. Halafu mwaka 1990 serikali iliondoa mkono katika bei ya mbolea, kila mtu akaenda sokoni na nguvu zake. Mwaka 2007 ukaja mpango wa vocha, wengine mwaukumbuka kwa jina la Kilimo Plus, ambao mkulima asiyejiweza alipata mbegu kilo 10 na mbolea ya kutosha ekari moja ya mahindi. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mbolea dunia nzima, na Septemba ya mwaka ule ndipo mpango wa sasa ulipotangazwa: mifuko milioni 1.4 kwa bei ya 3,500. Agosti 2023 bei ikashushwa hadi 2,500.

Hiyo ndiyo historia. Sasa tuingie shambani.

Kwa mtu wa majani chai, mbolea hii ina njia mbili. Njia ya kwanza ni kiwanda. Ukiwa mkulima wa KTDA unaagiza kituoni kwa hesabu ya mashina yako, meli inafika Mombasa, mifuko ya 26:5:5 inaletwa kituoni, unatia sahihi na kubeba. Hulipi siku ile. Unakatwa polepole katika malipo ya majani. Katika msimu wa 2021/2022 serikali ilitoa shilingi bilioni 1 kupunguza bei ya mbolea hiyo, na mwishoni mwa 2023 mbolea ya chai nayo ikaingia katika bei ya 2,500. Kwa hiyo hapa ruzuku unaiona katika sehemu moja tu, yaani ile safu ya makato katika karatasi yako ya malipo. Asiyeisoma karatasi hiyo hawezi kujua kama ruzuku ilimfikia.

Njia ya pili ni ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, kwa mbolea ya mahindi, viazi na mboga, na pia kwa wale waliohamisha majani yao kwa viwanda vya watu binafsi vinavyolipa taslimu na havina mkopo wa mbolea. Huko ni lazima uwe umeandikishwa. Uandikishaji mkubwa ulifanywa mapema 2023 kupitia machifu na wazee wa vijiji, na zaidi ya wakulima milioni 6 waliandikwa nchi nzima. Kilichotakiwa ni kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na mazao yaliyomo. Baadaye ujumbe unaingia katika simu ukisema umepewa mifuko mingapi na uichukue wapi. Unalipa kwa simu, unakwenda na kitambulisho, unachukua.

Mmesikia neno linalojirudia katika njia zote mbili? Jina. Kiwanda kinatazama nambari ya mkulima na jina lililo kitabuni. Ghala linatazama kitambulisho na laini ya simu. Hakuna mahali ambapo mtu anaulizwa, "Ni nani aliyepalilia? Ni nani aliyeamka saa kumi na moja na kikapu mgongoni?" Mbolea hufuata jina, nasi twajua ya kwamba katika maboma yetu mengi jina ni la mtu mmoja na mikono ni ya mtu mwingine.

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo palipotuuma.

Yuko mama mmoja, mwanachama wa kikundi kimoja kilicho hapa leo. Tumemwomba ruhusa naye akatupa, lakini hatutataja jina wala kituo. Mumewe alifariki, akamwachia ekari moja na nusu ya chai na watoto wanne. Yeye aliendelea kuchuma kama kawaida, na majani yakaendelea kupimwa kwa nambari ya marehemu, kwa sababu hakuna aliyemwambia vingine. Pesa ziliingia katika akaunti ya marehemu. Kadi ya benki ilikuwa kwa shemeji yake, ndugu mkubwa wa mumewe, ambaye kila mwezi alimletea kiasi fulani na kumwambia, "Haya ndiyo yaliyobaki baada ya makato." Mama alishukuru. Alifanya hivyo miaka mitatu.

Siku moja binti yake wa kidato cha pili akaikuta karatasi ya malipo imefungiwa sukari. Akaisoma. Makato ya mbolea yalikuwa ya mifuko sita. Akamwuliza mamake, "Mama, sisi tuliweka mifuko sita?" Kumbe shambani ilikuwa imefika miwili tu. Ile minne iliagizwa kwa nambari ya marehemu, ikatiwa sahihi kituoni, ikabebwa usiku, na deni lake likawa linalipwa na mgongo wa mama huyu, kilo kwa kilo. Na kadiri bei ya ruzuku inavyoshuka ndivyo mfuko wa namna hiyo unavyozidi kuwa mtamu kwa mtu anayetaka kuuza. Yaani pesa iliyotolewa na serikali imsaidie mjane ilikuwa imefanya shamba la mjane liwe mahali pazuri zaidi pa kuibia.

Twalisema hili wazi kwa sababu wengi wetu, wanaume kwa wanawake, tulipolisikia mara ya kwanza hatukushangaa vya kutosha. Mmoja wetu katika kamati alisema, "Hayo ni mambo ya ukoo." Ndiyo, ni ya ukoo. Lakini makato yalikuwa yakiingia kwa nani?

Kikundi chake hakikwenda polisi. Walimsindikiza kwanza kituoni, akina mama saba wamevaa vitambaa vya kikundi, wakamwomba karani kwa adabu awaonyeshe maagizo ya mbolea ya miaka miwili. Kisha wakaenda kwa mzee wa kijiji, halafu kwa naibu wa chifu, kukaitwa kikao cha ukoo. Shemeji yule si mtu mbaya kama mnavyofikiri. Alisema waziwazi mbele ya wazee kwamba shamba ni la baba yao, kwamba yeye ndiye aliyelipa gharama za mazishi, na kwamba mbolea ile aliweka katika chai yake mwenyewe, hakuiuza yote. Naye aliamini alikuwa na haki. Wazee walizungumza hadi jioni. Mwishoni walikubaliana juu ya mambo mawili: kadi ya benki irudi kwa mama siku ile ile, na hakuna mbolea itakayotiwa sahihi kwa nambari ile mpaka mama awepo mwenyewe pamoja na shahidi mmoja wa kikundi. Fidia ya mifuko minne hawakukubaliana. Sisi twaona wazee walimwonea mama hapo, lakini hatukuwa wenye kikao.

Njia ya kumaliza jambo kama hili kabisa ni urithi, na si njia fupi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka mtu aende kortini na cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, kitambulisho na karatasi za shamba. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na hungojwa siku 30 kama kuna mwenye pingamizi. Hukumu ya kugawa huja baadaye, na mtu akipinga, mtahesabu miaka. Kesi ya mama huyu ingali kortini. Gharama za safari na karatasi kikundi kilimkopesha kutoka mchango wao wa zamu, naye analipa kidogo kidogo kwa bonasi. Twawaomba wajane wote mlio hapa msingoje mpaka mgombane na mtu. Anza na cheti cha kifo na barua ya chifu wakati watu wangali na huruma. Miaka mitatu ikipita huruma imekwisha na kila mtu ana shahidi wake.

Kuna na wale ambao waume zao wako hai lakini hawako nyumbani. Mwanamume mmoja anafanya kazi katika maua kule Naivasha. Aliandikishwa 2023 kwa kitambulisho chake na laini yake. Msimu wa mvua ya masika ujumbe ukaingia, yeye akaona ni kama matangazo yale ya bahati nasibu akaufuta. Mke akapanda mahindi bila mbolea huku mifuko yao minne ikiwa imelala ghalani, si mbali na nyumbani. Walipogundua, mahindi yalikuwa yamefika magotini na rangi yake njano.

Na hapa inatubidi tukiri kosa letu wenyewe. Uandikishaji ulipokuja, kamati yetu ndiyo iliyotangaza kanisani baada ya ibada, nasi tukasema, ili kurahisisha kazi ya chifu, kila boma lilete jina moja. Hatukusema liwe jina la mwanamume. Lakini tulijua litakuwa la nani. Serikali haikuwa imetaka hati ya shamba. Mwanamke anayelima nusu ekari yake ya viazi, hata iwe ni ya kukodi, angeweza kusimama na kitambulisho chake akaandikwa. Sisi ndio tulioliziba lango hilo kwa ajili ya urahisi. Mama mmoja alituambia baadaye, "Ninyi wa kanisa mlitufunza tuhesabiwe, halafu siku ya kuhesabiwa mkatuweka nyuma ya mlango." Hatukuwa na jibu.

Basi kazi ya kwanza tunayowaomba vikundi ni hii: kaeni chini mpitie majina. Si kazi ya kiongozi peke yake. Kila mwanachama aje na kitambulisho, simu inayotumika sasa na karatasi za malipo za miezi michache. Mwulizane. Nambari hii ni ya nani? Yuko hai? Laini iliyoandikwa ingali inafanya kazi, au ilipotea na simu iliyoanguka mtoni? Ekari zilizoandikwa ni za kweli? Tumewaona watu waliotaja ekari tano ilhali wana moja, wakidhani watapata mifuko mingi, na tumewaona wengine waliotaja robo kwa kuogopa kodi. Wote wawili wameandika uongo utakaowarudia. Mwenye kosa aende kwa chifu au ofisi ya kilimo ya wadi arekebishe kabla ya mvua, si wakati lori limefika.

Kazi ya pili ni usafiri, na hapa twasema kwa haraka maana wengi mmeanza. Mfuko wa 2,500 ukibebwa mmoja mmoja kwa bodaboda kutoka ghalani hadi huku milimani, si wa 2,500 tena ukifika. Kikundi kimoja kilikusanya jumbe za wanachama wote, wakalipa siku moja, wakakodi pikapu moja na kugawana nauli. Kila mtu alikwenda na kitambulisho chake, hakuna aliyemkabidhi mwenzake kitambulisho chake amchukulie. Hilo la kukabidhi kitambulisho tunalipinga kabisa. Mabroka wanaokaa nje ya maghala wanapenda sana mtu mchovu.

Na juu ya kuuza, hebu tusemezane kama watu wa nyumba moja. Wako kati yetu wanaochukua mfuko wa bei ya ruzuku na kuuuza siku ile ile kwa faida ya shilingi mia chache, kwa sababu karo inadaiwa au mtoto ni mgonjwa. Hatutawaita wezi. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kula mbolea. Lakini kwa upande wa chai jambo hili ni la hasara mara mbili, maana mfuko wa kiwanda ni mkopo: umeuza leo kwa pesa kidogo, na makato yanaendelea kuja kwa miezi, na jani lenyewe halikuongezeka. Kikundi kikiwa na mfuko wa dharura hata mdogo, mwanachama akope huko kabla hajauza mbolea. Kikundi kisichoweza kumkopesha mwanachama karo ya muhula mmoja, twadhani hakijaanza kazi.

Sasa jambo la udongo, ambalo wazee wanalijua kuliko sisi. Mbolea ya 26:5:5 ni ya chai. Mfuko mmoja una kilo 13 za naitrojeni, chakula cha jani. Chai hupenda udongo wenye asidi, mahindi hayaupendi. Tumewaona watu wanaochukua mbolea ya chai kituoni kwa sababu ni ya mkopo na kuimwaga kwenye mahindi. Mwaka wa kwanza mahindi yanachangamka. Ukiendelea miaka, udongo unazidi kuwa mkali na mahindi yanadumaa hata ukiongeza mifuko. Huku kwetu mvua ni nyingi na udongo tayari una asidi. Shamba kama hilo huenda linahitaji chokaa ya kilimo kabla ya mbolea yoyote. Pimeni udongo. Taasisi ya Utafiti wa Chai iko hapa hapa Kericho, na ofisi ya kilimo itawaelekeza namna ya kuchukua udongo wa kupimwa. Kikundi kikichanga pamoja hakitaumia. Wala mbolea si dawa ya kila kitu. Watu wa Bomet hawajasahau Septemba 2011, ule ugonjwa wa kukausha mahindi ulipoonekana mara ya kwanza Longisa. Waliokuwa wameweka mbolea na wasioweka walivuna karibu sawa, yaani si kitu.

Mtatuuliza juu ya mbolea bandia. Machi 2024 waandishi wa habari wa Africa Uncensored walifichua kwamba mifuko iliyokuwa ikiuzwa katika mpango huu wa ruzuku haikuwa mbolea kama ilivyoandikwa. Mauzo ya aina ile yakasimamishwa, Shirika la Viwango likapima, na mambo yakafika Bunge. Tarehe 2 Mei 2024 wabunge walipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Siku chache baadaye kamati teule ikasema mashtaka hayakuthibitishwa, akabaki kazini mpaka Rais alipovunja baraza la mawaziri Julai mwaka huo. Hayo ni ya Nairobi. Ya kwetu ni haya: serikali ilisema waliouziwa mbolea ile watapewa nyingine. Na nani aliuziwa? Ni yule ambaye kitambulisho chake kilikuwa katika rekodi ya mauzo. Aliyenunua kwa broka nje ya lango, hata awe amelipa zaidi, hakuwa na mahali pa kulalamikia. Kwa hiyo wekeni ujumbe wa malipo katika simu, msiufute, wekeni risiti, na mfuko mtupu msiufanye mkeka mpaka mahindi yaote na mjue yalivyo. Ukifungua mfuko ukaona kama mchanga au vumbi la mawe, usimwage shambani. Funga, mwite mwenyekiti, mrudi ghalani mkiwa wengi.

Mzee mmoja pale nyuma alitutumia swali kwa karatasi, nalo ni swali zuri. Anasema: "Mnatusumbua na mbolea, na bonasi mbona hamsemi?" Mzee, una haki. Wakulima wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa wamekuwa wakipata bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki, na mwaka 2025 hasira juu ya jambo hilo ilisikika Kericho na Bomet kote, watu wakauliza kwa nini jani lile lile lilipwe nusu. Mfuko wa 2,500 hauponyi bonasi ndogo. Mtu anaweza kuokoa shilingi elfu kadhaa katika mbolea na kupoteza makumi ya elfu katika bei ya jani, na serikali ikatangaza ile ya kwanza kwa vigelegele. Hatutaki ruzuku itumike kutufunga mdomo kwa habari ya bei. Lakini hata huko kwenye bei mambo yanarudi palepale. Anayepiga kura kuchagua mkurugenzi wa kiwanda ni yule mwenye nambari. Anayepokea bonasi ni yule mwenye nambari. Mama anayechuma kwa nambari ya mtu mwingine hana mbolea, hana bonasi, na siku ya kuchagua wakurugenzi anakaa nje ya ukumbi akiuza maandazi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, inakataza ubaguzi wa mwanamke katika sheria na mila za ardhi. Kitabu cha kituo bado hakijaisoma.

Baba wengine watauliza kama tunataka kugawanya maboma. Hapana. Tumewaona wazee katika vikundi hivi waliokwenda wenyewe kiwandani wakagawa mashina, mia nane ya mke kwa nambari yake, mia tano ya kijana aliyeoa, na boma halikuvunjika. Mzee mmoja alituambia sababu yake ilikuwa rahisi: alichoka kuombwa pesa ya chumvi.

Basi tumepatana hivi na wenyekiti. Vikundi vya upande wa Kericho vitakutana Jumanne ijayo na vya Bomet Alhamisi, saa nane mchana, majani yakishapimwa. Kila mtu aje na kitambulisho, simu yake ikiwa na chaji, na karatasi tatu za mwisho za malipo. Asiyejua kusoma aje na mtoto wa shule. Karani wa kituo ameahidi kufika na kitabu cha maagizo ya mbolea. Wajane wakae mbele, tutaanza na wao. Yule mama tuliyemtaja amesema atakuja mapema asaidie kuandika majina, kwa kuwa siku ile hana korti.